Wa Nane Yuko Toronto

Flemingdon Park, Toronto
12 Machi 2023

Mpendwa Baba Jeptoo,

Zipokee salamu zangu kwa mikono miwili. Mimi ni mzima, ila magoti yananong'ona baridi ikizidi. Jeptoo na mumewe hawajambo, na mjukuu wako Alicia ameanza kutembea kwa kushika makochi. Wewe je? Presha unaipima, au unamdanganya daktari kama kawaida yako? Ng'ombe amezaa?

Najua utashangaa kupata barua na jana tu tumeonana kwenye simu. Lakini kwenye simu tunaongea na nani? Jeptoo ameishika, Alicia anailamba, mkwe wetu anapita nyuma akisema "Shikamoo, Baba," na wewe unanionyesha paji la uso peke yake. Siwezi kukuambia neno la mke na mume. Nikakumbuka ulipopelekwa kiwanda cha chai cha Kericho nami nikabaki Nandi Hills, wewe Mgusii, mimi Mnandi, na Kiswahili cha barua ndicho kilichotuozesha. Nimeona tukirudie.

Nina habari ya kukuchekesha. Ghorofa ya chini yetu anakaa mama mmoja Mhindi wa Goa, Lourdes, mzaliwa wa Kisumu. Alinisikia kwenye lifti nikimbembeleza Alicia, akanikamata mkono na kusema, "Mama, wewe natoka kwetu!" Tangu siku hiyo hanipi nafasi ya kupumua. Jumatano alinipandisha basi hadi ukumbi mmoja kule Thorncliffe Park, ambako yeye na mumewe Olavo hucheza densi ya mraba.

Usidhani wanarukaruka ovyo. Ni watu wanane, waume wanne na wake wanne. Wanasimama wawili wawili kwenye pande nne, kama watu walioizunguka meza, nyuso zikitazama ndani. Mume anasimama kulia, mke kushoto. Yule wa upande wako wa pili, ambaye si wako, ndiye jirani yako wa kona. Mbele kuna mzee anaitwa Dean na kipaza sauti. Yeye hachezi, anaita hatua, na hakuna ajuaye ataita nini. Akisema dosido, wawili mnaendeana, mnapishana bega kwa bega, mnazungukana mgongo kwa mgongo bila kugeuka, kisha mnarudi kinyumenyume mahali penu. Akisema alemandi, unampa jirani wa kona mkono wa kushoto na kumzunguka, halafu unampa mwenzako mkono wa kulia na kumpita, anayefuata wa kushoto, anayefuata wa kulia, mnyororo unazunguka mpaka ukutane tena na mwenzako. Hapo mnashikana mikono yote miwili na kutembea pamoja hadi mlipoanzia. Hayo ndiyo matembezi. Na pale mlipoanzia panaitwa nyumbani.

Nilikaa kwenye benchi na koti langu mapajani, nikiwatazama watu wenye mvi wakipotezana na kupatana. Nilitamani uwe kando yangu, mzee wangu, hadi nikaona haya na kujifanya natafuta kitambaa.

Nisalimie jirani yetu Evans na mkewe.

Mkeo,
Mama Jeptoo


Nandi Hills
30 Aprili 2023

Mama Jeptoo,

Salamu kutoka kwenye matope. Sisi ni wazima isipokuwa ng'ombe, aliyezaa dume baada ya kula majani yangu yote. Mvua ni nzuri, chai inachipua hadi wachumaji hawatoshi. Presha naipima. Usiniulize inasema nini.

Barua yako niliisoma posta nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena zizini. Karani aliniuliza kama nimepata mchumba Kanada. Nikamwambia ndiyo, na bado ana meno yake.

Sasa hiyo densi. Niliposoma kwamba mke wangu anakaa mahali ambapo watu wazima wanapeana mikono na majirani, nilitaka kukasirika. Lakini mimi ni fundi, nimezeeka na magurudumu ya kiwandani, na jambo la kuzunguka na kurudi palepale likanikaa kichwani. Nikalichora kwa kijiti. Jumapili baada ya ibada nikamvuta Evans na mkewe na wenzao wawili, mmoja wao mzee wa kanisa, na wake zao, tukaenda banda la kuuzia majani ya chai, kwa kuwa Jumapili halina mtu na sakafu yake ni ya saruji. Shamina wa dukani akaja kutazama. Tangu mumewe afariki hapendi kukaa kimya Jumapili. Kwa vile ana sauti ya kufukuzia nyani, tulimsimamisha kwenye mizani ya majani aite hatua. Mahali pako niliweka kikapu chako cha kuchumia.

Mama Jeptoo, ilikuwa balaa tupu. Tulisimama kama ulivyoandika, mume kulia, mke kushoto. Alemandi, mnyororo, matembezi. Tukifika nyumbani, Evans ameshika mke wa mwenzake, mimi nina mke wa Evans, na kikapu chako kimebebwa na mzee wa kanisa. Tukarudia. Vilevile! Mke wa Evans akaanza kusema densi hii ina hekima, Evans akaanza kutafuta kofia yake. Katikati ya hayo mchungaji akatokea mlangoni. Tukamwambia ni mazoezi ya wagonjwa wa sukari na presha. Alisema atatuombea, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekusudia kufanya hivyo kweli.

Umetuandikia nini? Ama huko ndivyo mnavyorudi nyumbani, kila mtu na wa mwenzake?

Kisha nijibu jambo moja bila kuzunguka. Ulisema unaenda miezi sita tu, mtoto apate nguvu. Sasa mtoto anatembea. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu na redio yake.

Mumeo,
Baba Jeptoo


Flemingdon Park, Toronto
18 Juni 2023

Mpendwa Baba Jeptoo,

Hujambo, mwalimu wa densi? Sisi tu wazima. Joto limekuja, na bonde lililo chini ya dirisha letu limejaa kijani hadi mtu anasahau theluji. Pole kwa ng'ombe.

Nimecheka hadi Alicia akacheka bila kujua kwa nini. Mwombe Evans radhi, kosa ni langu. Nilikuwa benchini nikiwatazama walionielekea, na mtu akikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako. Niliandika nilivyoona, sikuandika walivyosimama. Mke asimame mkono wa kulia wa mumewe. Kona ya mume ni yule mwanamke aliye kushoto kwake. Mkijipanga hivyo, kila kuku ataingia bandani mwake.

Na siko benchini tena. Lourdes alinifokea mbele ya watu: "Wewe iko nakaa tu kama koti! Kuja!" Olavo mwenyewe, mtu mpole mwenye suruali ya mikanda ya mabegani, akaja kuninyanyua. Kabla hujaanza kutafuta fimbo, mwenzangu ni mwanamke. Anaitwa Shannon, alikuwa dereva wa basi. Waume hawatoshi, kwa hiyo yeye anavaa utepe begani na kusimama upande wa mume.

Wana desturi mbili nimezipenda. Ya kwanza, ukishaingia kwenye mraba hutoki mpaka wimbo uishe, hata kama umechoka, hata kama umekasirika. Ukitoka wewe mmoja, saba wanabaki wamesimama. Ya pili, ukipotea katikati ya densi, usiwafukuze wenzako. Rudi nyumbani, simama hapo, ungoje. Watakuja kukukuta.

Jambo uliloniuliza. Jeptoo anafanya kazi hospitalini zamu zisizo na mpango, na mkwe wetu huenda kazini Pickering jua halijatoka. Juzi aliniambia, "Mama, please, mpaka Alicia aanze shule." Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na hilo ndilo linaloniuma. Wewe ungesema nini, angekuangalia na yale macho yake?

Mkeo,
Mama Jeptoo


Nandi Hills
3 Septemba 2023

Mama Jeptoo wangu,

Natumai bonde lako bado lina kijani na magoti yako yametulia. Huku ni heri. Yule dume nimemuuza, mama yake amenisamehe.

Mke kulia! Mambo yamenyooka kama uzi. Sasa kila Jumapili tunarudi nyumbani kila mtu na wake, na mke wa Evans anasema densi imekosa ladha. Shamina ameongeza hatua zake mwenyewe. Jumapili iliyopita aliita "chumeni majani!" tukainama sote, na kiuno cha Evans kikakataa kuinuka. Mchungaji alikaa kwenye gunia akitazama, mguu wake mmoja ukipiga chini bila ruhusa yake.

Kikapu nimekiondoa. Watu walikuwa wanajikwaa. Pako nimepaacha wazi. Tuko saba, na mgeni akiuliza, Evans humjibu, "Wa nane yuko Toronto." Zamu yako inapofika kwenye mnyororo, waume wananyoosha mkono, wanashika hewa na kupita, kwa heshima kabisa. Wamekuzoea hivyo. Mimi ndiye nisiyezoea. Napokea mikono ya wake za watu, mmoja baada ya mwingine, najua unaofuata ni wako, na mkono wangu unajitayarisha wenyewe, mjinga huyu. Kila Jumapili unajitayarisha.

Nimekukosa, mke wangu. Siwezi kuliandika kwa maneno ya fundi. Nikipika chai bado napikia wawili, yako naimwagia mgomba.

Umeuliza ningesema nini. Ningesema mtoto wetu ni wetu, na mtoto wake ni wake. Njoo Disemba. Nitapaka nyumba rangi.

Mumeo,
Baba Jeptoo


Flemingdon Park, Toronto
26 Novemba 2023

Mpendwa Baba Jeptoo,

Habari za huko? Huku theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Alicia ni mzima. Nikimwongelesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini nikisema "nyumbani" anakimbia kusimama kwenye ua lililofumwa katika zulia, pale tulipozoea kuanzia dosido yetu, ananyoosha mkono.

Naandika na kufuta. Sitakuja Disemba. Jeptoo ameomba niongezewe muda wa kukaa, na watu wa uhamiaji wamekubali. Aliniletea habari hiyo na keki. Amekonda, Baba Jeptoo. Anarudi kutoka zamu anakula amesimama, akilala analala na viatu. Nikiondoka leo, nani atashika mtoto?

Nilikuambia desturi ya ukumbini. Hutoki kwenye mraba kabla wimbo haujaisha. Mimi nimeingia kwenye mraba wa Jeptoo. Nikitoka, wengine wanabaki wamesimama. Nielewe, tafadhali. Usipoelewa nikasirikie, lakini usininyamazie.

Rangi paka hata hivyo.

Mkeo,
Mama Jeptoo


Nandi Hills
14 Aprili 2024

Mama Jeptoo,

Salamu. Hatujambo. Nimechelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Nakuarifu kwamba nafasi yako kwenye densi imepata mtu. Shamina ameshuka kutoka kwenye mizani, sasa anasimama kulia kwangu. Ni mwepesi wa miguu na hasahau hatua. Watu walichoka kushika hewa, na mimi niliona si haki kuwafanyia hivyo. Kikapu chako nimempa mke wa Evans, kilikuwa kinaoza bure.

Tunacheza vizuri. Alemandi, mnyororo, yote. Kwenye matembezi baridi ya jioni inauma vidole siku hizi, basi natia mkono mfukoni na kutembea zangu polepole hadi nyumbani kama mzee anayejiheshimu. Sina shida yoyote.

Kwa hiyo kaa na watoto kwa amani. Wanakuhitaji. Usijisumbue kuandika mara kwa mara, huduma ya posta si ya kutegemewa.

Nyumba sikuipaka rangi.

Baba Jeptoo


Flemingdon Park, Toronto
19 Septemba 2024

Baba Jeptoo,

Shikamoo, mwongo mkubwa. Mimi ni mzima wa mwili. Natumai nawe ni mzima, kwa sababu nina maneno na wewe.

Barua yako ya Aprili niliikunja nikaisukuma ndani ya kiatu cha theluji, kule nisikofika kiangazi chote. Sikukujibu. Kwenye simu ulinionyesha paji la uso, nami nikajifanya nina mafua. Nilimchukia Shamina wa watu, mwanamke aliyenikopesha sukari bila kuniuliza nitarudisha lini. Nilimwona kulia kwako kila nilipofumba macho. Nilikuwa nasuka nywele za Alicia kwa hasira hadi mtoto analia. Wivu wa uzeeni hauna dawa, nakuambia.

Kisha Agosti, Olavo akafariki. Moyo. Alikuwa anamenya machungwa kando ya dirisha.

Wana desturi nyingine ambayo sikuwa naijua. Mwenzao akifa, Jumatano ya kwanza baada ya mazishi mraba wa kwanza unachezwa na nafasi yake ikiwa wazi, na mjane akiwa ndani. Dean alituita, akamwita Lourdes. Nilikuwa mmoja wa wale saba. Ilipofika zamu ya Olavo kwenye mnyororo, nilinyoosha mkono nikashika hewa na kupita, kwa heshima kabisa, kama ulivyoandika. Halafu Dean akaita matembezi. Wenye wenzao tukashikana mikono yote miwili. Lourdes alianza vizuri, mikono yake mbele, imeshikwa na mtu asiyekuwepo. Kufika katikati akaitazama. Hakujua aifanyie nini. Akautia mmoja mfukoni mwa sweta yake, akatembea hivyo hadi nyumbani peke yake.

Baba Jeptoo, niliikumbuka barua yako nikasahau kutembea. Shannon alinivuta hatua za mwisho. Nilingoja wimbo uishe, kwa sababu ndiyo desturi, kisha nikatoka na viatu vyangu mkononi.

Niliitoa barua yako kiatuni nikaisoma tena. Katika matembezi mikono yote miwili hushikwa. Nilikuandikia hivyo tangu barua ya kwanza. Mtu mwenye mwenzake hana mkono wa kutia mfukoni. Na kama Shamina ameshuka kwenye mizani anacheza, hatua anaita nani, mchungaji? Huna mtu kulia kwako. Hukuwahi kuwa naye. Miezi yote hii mnacheza kama wanavyocheza hapa mtu akishazikwa. Mimi ndiye marehemu wa Nandi Hills, na huku niko jikoni Toronto nakoroga ugali.

Jeptoo aliponikuta nalia alikaa chini na nguo zake za hospitali na kusema mwenyewe. Kwamba alikupigia simu Januari, akalia, akakuomba usiniite. Kwamba wewe ukamwambia, "Usijali. Nitamfanya anikasirikie, atakaa." Binti yako amelia sana, nami nimelia naye, kwa sababu anachoka kweli na hakuna aliyesema uongo kuhusu hilo. Lakini nilimwambia: Mwanangu, wimbo nilioingia ulikuwa wa miezi sita. Uliisha zamani. Ninyi mmekuwa mnauanzisha tena kabla sijapata nafasi ya kushukuru na kwenda kukaa.

Lourdes ndiye aliyemaliza kesi. Alipanda juu akiwa na nguo nyeusi, akamtazama Jeptoo, akanitazama mimi. "Mtoto lete kwangu," akasema. "Mimi iko na mikono mbili na hapana mtu. Lakini wewe, mama, bwana yako iko hai! Wewe nangoja nini?" Jioni hiyo Jeptoo alikata tiketi mwenyewe, macho yamevimba, akaniuliza kama nataka kiti cha dirishani.

Kuacha Alicia kunanikata, sitakudanganya kama wewe. Leo asubuhi tumecheza dosido mara ya mwisho kwenye zulia. Nilimwambia, kwa jina la Kinandi nililomfundisha kumwita bibi, "Gogo anaenda nyumbani." Akakimbia kusimama kwenye ua lake akanyoosha mkono, akadhani ni hapo.

Barua hii haina stempu. Naifunga sasa, naitia kwenye mkoba, naileta mwenyewe, ili usije ukasema sikukujibu. Nitafika Jumapili alasiri, na nitapitia bandani kabla ya nyumbani. Jeptoo ameapa hatakuambia, na safari hii namwamini. Mtakuwa mmeshasimama. Sitabisha hodi. Nitakuja kulia kwako na kukupa bahasha hii kwa mkono wa kushoto, unisamehe adabu mbaya, kwa kuwa wa kulia utakuwa na kazi. Utaisoma baadaye. Shamina ataita, na wewe hutaniuliza kitu, utacheza.

Toa mkono mfukoni.

Mkeo,
Mama Jeptoo